Fimbo ya mikono miwili: mbinu ya kutupa mshipi mbali bila kuumiza bega

Kwenye mito mikubwa ya Scotland, si ajabu kumkuta mzee wa miaka 70 amesimama maji yakimfika magotini, akitupa mshipi mita 25 mbele yake, tena na tena, tangu asubuhi hadi jioni. Kijana mwenye misuli anaweza kuwa jirani hapo akihangaika kufika mita 15, na kabla ya saa sita mchana bega limeshaanza kumuuma.

Kinachowatofautisha mara nyingi ni fimbo waliyoshika. Mzee anatumia fimbo ndefu ya mikono miwili, yenye urefu wa futi 12 hadi 15, yaani kama mita 3.7 hadi 4.6. Kijana anatumia fimbo fupi ya mkono mmoja na anajaribu kuziba pengo kwa nguvu.

Fimbo hizi zinafanyaje kazi? Na je, kila mvuvi anazihitaji?

Kwanza, nzi bandia ni nini?

Mvuvi wa pwani au wa ziwani anaujua mtupo wa kawaida. Unafunga chubwi ya risasi karibu na ndoano, unarusha, unaachia. Uzito wa chubwi ndio unaovuta mshipi kwenda mbali.

Kwenye uvuvi wa nzi bandia hakuna chubwi. Nzi bandia ni ndoano iliyofungwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi za rangi ili samaki aione kama mdudu au kisamaki kidogo. Haina uzito wa maana. Jaribu kutupa unyoya wa kuku uone utafika wapi.

Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe. Mshipi huu ni mnene, umefunikwa kwa plastiki, na ndio unaotupwa. Nzi bandia inafuata tu nyuma, ikiwa imefungwa kwenye nailoni nyembamba.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kitu kirefu na laini kama mshipi hakirushwi kama jiwe. Lazima kiviringike hewani na kunyooka chenyewe.

Tatizo la mkono mmoja

Fimbo ya kawaida ya mkono mmoja ina urefu wa futi 9 hivi, sawa na mita 2.7. Mvuvi anaurusha mshipi nyuma mpaka unyooke, kisha anauleta mbele. Akitaka mita 20 mbele, anahitaji nafasi kubwa iliyo wazi nyuma yake pia.

Ukiwa uwanjani, hakuna tabu. Ukiwa mtoni, nyuma kuna miti, vichaka au ukingo mrefu wa udongo. Ndoano inanasa kwenye tawi, na kazi ya siku nzima inageuka kuwa kupanda miti.

Tatizo la pili ni uchovu. Ili kufika mbali kwa mkono mmoja, wengi hupeleka mshipi nyuma na mbele mara kadhaa hewani kabla ya kuuachia.

Piga hesabu. Mvuvi anayetupa mara moja kila baada ya dakika mbili, kwa saa sita, anatupa mara 180. Kama kila mtupo una mizunguko mitatu ya ziada hewani, bega limefanya kazi mara 720. Kwa mtu mwenye bega bovu, au aliyezoea kukaa ofisini wiki nzima, hiyo si mchezo.

Ilianzia wapi?

Jibu la tatizo hili lina jina la mto: Spey, kaskazini mashariki mwa Scotland. Ni mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, una maji ya kasi, na unaingia baharini kwenye ghuba ya Moray. Sehemu nyingi za kingo zake zina miti au zimeinuka sana, hivyo huna pa kurushia mshipi nyuma.

Wavuvi wa samoni wa huko, katika karne ya 19, walipata njia ya kutupa bila kuupeleka mshipi wote nyuma. Njia hiyo inaitwa mtupo wa Spey hadi leo, hata inapotumika Canada, Norway au Urusi.

Fimbo zao za wakati huo zilikuwa balaa. Nyingine zilifika futi 18 au 20, zikiwa za mbao ngumu ya greenheart iliyotoka Guyana, Amerika Kusini. Kuishika siku nzima ilikuwa kazi kama ya kubeba mizigo.

Mwishoni mwa karne hiyo, Alexander Grant wa Inverness, ambaye alikuwa kinyozi na pia fundi wa fidla, alitengeneza fimbo iliyopata sifa kubwa. Vipande vyake havikuunganishwa kwa bomba la chuma. Vilikatwa mshazari na kufungwa pamoja, ili mtikisiko upite tangu mkononi hadi nchani bila kukatizwa.

Baadaye zikaja fimbo za mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa, kisha za nyuzi za kioo, na kuanzia miaka ya 1970 za kaboni. Kaboni ndiyo iliyobadilisha mambo. Fimbo ya futi 13 ya leo ni nyepesi kiasi kwamba mtu mwenye mwili mdogo anaweza kuitumia kutwa.

Siri iko kwenye wenzo

Fimbo ni wenzo. Ukisogeza mkono kidogo, ncha inasogea sana. Fimbo ikiwa ndefu zaidi, ncha inapita njia ndefu zaidi kwa mwendo uleule wa mkono, na mshipi unapata kasi.

Lakini wenzo mrefu una gharama yake. Fimbo ya futi 14 huwezi kuiongoza vizuri kwa kifundo kimoja cha mkono. Itakuelemea.

Mikono miwili inaondoa shida hiyo. Mkono wa juu unashika mpini karibu na rili na kuwa kama egemeo. Mkono wa chini unashika kitako cha fimbo na kukivuta kuelekea tumboni. Mwendo unafanana na wa mtu anayepiga kasia kwenye mtumbwi: mkono mmoja unasukuma, mwingine unavuta.

Wanaoanza hushangaa wakiambiwa kwamba mkono wa chini ndio unaopaswa kufanya kazi kubwa. Wengi husukuma kwa mkono wa juu kwa nguvu zote. Kumbe hapo ndipo wanapoharibu.

Kazi inagawanywa kati ya mikono yote miwili, mabega yote mawili na kiuno. Ndiyo maana wavuvi wengi wenye maumivu ya bega au kiwiko huhamia kwenye fimbo hizi badala ya kuacha uvuvi kabisa.

Nanga na herufi D

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Badala ya kuutupa mshipi wote nyuma, mvuvi anaacha mwisho wake ukigusa maji, mbele yake kidogo na pembeni. Sehemu hiyo iliyoshikwa na maji inaitwa nanga.

Kisha anavuta fimbo nyuma. Mshipi uliobaki unajikunja hewani, kati ya ncha ya fimbo na nanga, na kufanya umbo la herufi D. Tumbo la D hiyo linaingia nyuma mita chache tu.

Uzito wa D pamoja na mshiko wa maji unaipinda fimbo kama upinde. Mvuvi akisukuma mbele na kusimama ghafla, fimbo inanyooka, nanga inang'oka, na mshipi wote unaviringika kwenda mbele.

Kwa hiyo mtu anaweza kusimama na ukuta wa miti mita tano nyuma yake, na bado akatupa mita 25. Hana haja ya mizunguko ya ziada hewani.

Hatua kwa hatua: Spey maradufu

Mtupo unaofundishwa mapema kwa wanaoanza unaitwa Spey maradufu. Chukua mfano wa mvuvi anayeutazama mto ukitiririka kutoka kushoto kwenda kulia kwake, mkono wake wa kulia ukiwa juu.

1. Mshipi umenyooka kulia, upande maji yanakokwenda. Ncha ya fimbo iko chini, karibu na maji. Hakuna mshipi uliolegea.

2. Anainua fimbo taratibu, kisha anaipeleka kushoto na kushusha ncha. Mshipi unalala juu ya maji mbele yake, lakini mwisho wake unabaki upande wa kulia. Hiyo ndiyo nanga.

3. Anaifagia fimbo kurudi kulia, huku mshipi ukibanduka majini. Fimbo inapanda kidogo kidogo hadi juu ya bega la kulia. D inajaa nyuma yake.

4. Mkono wa chini unavuta kuja tumboni, mkono wa juu unaelekeza na kusimama ukiwa bado juu. Mshipi unaondoka.

Neno muhimu katika hatua zote ni taratibu. Ukinyanyua kwa pupa, maji yanaunyakua mshipi. Ukisubiri mno D ikiwa imejaa, mshipi unashuka na kung'ang'ania majini. Kuna pumziko fupi tu kati ya hatua ya tatu na ya nne, na kulijua pumziko hilo huchukua siku kadhaa za mazoezi.

Upepo una sheria yake

Hili halina mjadala: D na ndoano viwe upande ambao upepo unaelekea, ili upepo uisukume ndoano mbali na mwili wako.

Upepo ukivuma kuelekea maji yanakokwenda, Spey maradufu inafaa, kwa sababu D inajengwa upande huo. Upepo ukivuma kinyume cha maji, mvuvi hutumia mtupo mwingine, kama Spey moja, ambao nanga yake inatua upande maji yanakotoka.

Ukikosea, ndoano inakuja usoni kwa kasi. Miwani na kofia ni lazima, hata siku ya mawingu.

Makosa ambayo wengi hufanya

Kosa la kwanza ni nguvu. Mtu akiona mshipi haufiki, anaongeza nguvu, hasa za mkono wa juu. Ncha ya fimbo inashuka mno, mshipi unafunguka kama mlango na kuanguka rundo moja. Akipunguza nguvu, mara nyingi unafika mbali zaidi.

Kosa la pili ni kuanza na mshipi uliolegea. Fimbo inatembea nusu ya safari ikikusanya ulegevu, na nafasi ya kupata kasi inaisha.

La tatu ni nanga kutua mahali pabaya. Ikiwa nyuma ya mvuvi, maji mengi yanaushika mshipi na mtupo unakwama. Ikiwa haikugusa maji kabisa, mshipi unachapa nyuma kama mjeledi.

Mishipi ya aina tatu

Fimbo nzuri yenye mshipi usiofaa ni kama gari zuri lenye matairi mabovu. Sehemu nene ya mbele, ambayo wavuvi huiita kichwa, ndiyo inayoamua.

*Spey ya asili.* Kichwa ni kirefu, mara nyingi mita 17 au zaidi. Inafaa mito mipana na mvuvi mzoefu. Mshipi hauhitaji kuvutwa sana kati ya mtupo mmoja na mwingine.

*Ya Skandinavia.* Kichwa ni cha mita 9 hadi 12 hivi, na kinatua kwa upole. Göran Andersson wa Sweden ndiye anayehusishwa zaidi na mtindo huu, ambao unautegemea sana mkono wa chini.

*Ya Skagit.* Jina limetoka kwenye mto Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Kichwa ni kifupi na kizito, kama mita 6 hadi 8. Wavuvi wa huko walikitengeneza ili kutupa nzi bandia kubwa na mishipi inayozama, wakimtafuta steelhead, yaani trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni, kwenye baridi kali ya majira ya baridi.

Kwa anayeanza, vichwa vifupi ni rahisi zaidi. Vinahitaji nafasi ndogo na vinasamehe makosa.

Mtego wa namba 8

Hapa wanunuzi wengi hupotea. Fimbo na mishipi hupewa namba kulingana na uzito. Mshipi namba 8 wa mkono mmoja una greni 210, sawa na gramu 13.6, kwenye futi 30 za mwanzo.

Fimbo namba 8 ya mikono miwili hutumia kichwa chenye greni 500 hadi 600, yaani gramu 32 hadi 39. Namba ni ileile, uzito ni zaidi ya mara mbili.

Ukiweka mshipi wa mkono mmoja kwenye fimbo ya mikono miwili, fimbo haitapinda, na utadhani fimbo ni mbovu. Angalia greni au gramu, usiangalie namba peke yake.

Je, samaki wako mbali?

Si kila mara. Hili ndilo swali ambalo wanaopenda kutupa mbali huwa hawajiulizi.

Samoni hupenda kupumzika pembeni mwa mkondo, nyuma ya mawe, au pale maji ya kasi yanapokutana na maji ya polepole. Mara nyingi sehemu hizo ziko mita 8 au 10 tu kutoka ukingoni. Mvuvi akiingia majini moja kwa moja hadi kiunoni ili atupe mbali, huenda amewakanyagia samaki mlangoni kwao.

Faida kubwa ya fimbo ndefu inaonekana baada ya mshipi kutua. Samoni akishaingia mtoni kutoka baharini kwenda kuzaa, kwa kawaida hali tena. Anaigusa nzi bandia kwa kuchokozeka, si kwa njaa. Hivyo mvuvi lazima aipitishe mbele yake kwa mwendo wa polepole, na arudie.

Kawaida anatupa mshazari kuelekea maji yanakokwenda, anaacha mkondo uivushe nzi bandia polepole hadi upande wake, anasogea hatua moja au mbili, anatupa tena. Fimbo ya futi 13 inamwezesha kuunyanyua mshipi juu ya mkondo wa kasi na kuuongoza. Umbali usio na udhibiti haumsaidii.

Fimbo ndefu ina udhaifu mmoja pia. Samaki akinasa, wenzo unageuka na kuwa upande wake. Kwa fimbo ndefu samaki anakuvuta wewe kwa urahisi zaidi. Wazoefu huilaza fimbo pembeni, karibu na maji, badala ya kuisimamisha wima.

Wakati mwingine umbali wenyewe ndio mchezo

Mjini San Francisco, Marekani, kuna mashindano yaitwayo Spey-O-Rama, ambako hakuna samaki hata mmoja. Washindani, wanaume kwa wanawake, husimama kwenye bwawa na kutupa tu. Kwa fimbo za futi 15 hivi, wanaume bora huvuka mita 45.

Nguvu zao ni nyingi, ndiyo, lakini ukiwatazama unachokiona zaidi ni mpangilio: kunyanyua, kufagia, pumziko, kuvuta.

Samaki wenyewe wanapungua

Desemba 2023, shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka samoni wa Atlantiki kwenye kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini duniani. Kwa Uingereza hali ni mbaya zaidi: huko amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Sababu zinazotajwa ni pamoja na joto la maji na la bahari, mabwawa yanayoziba njia, uchafuzi, na madhara ya ufugaji wa samoni.

Ndiyo maana Scotland haina mchezo na sheria. Samoni hawavuliwi kwa fimbo siku ya Jumapili. Samoni wote wanaovuliwa kabla ya Aprili 1 lazima warudishwe majini, na kwenye mito yenye hali mbaya sheria hiyo inahusu msimu mzima. Wengi wa samoni wanaovuliwa kwa fimbo huko sasa huachiliwa.

Hapo ustadi unakuwa na maana nyingine. Mvuvi anayetumia ndoano isiyo na kijino, asiyemchosha samaki muda mrefu, na asiyemtoa majini, anampa nafasi ya kufika anakokwenda kuzaa.

Na Afrika Mashariki?

Trauti waliletwa kwenye mito ya milimani Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na bado wapo kwenye vijito vya Aberdare na Mlima Kenya. Vijito hivyo ni vyembamba na vimezungukwa na msitu. Fimbo ya futi 14 hapo itakuwa mzigo tu.

Lakini ujanja wa nanga na D unafanya kazi hata kwa fimbo fupi ya mkono mmoja. Mvuvi wa trauti mwenye vichaka mgongoni anaweza kuutumia leo leo bila kununua kitu.

Kuna uhusiano mwingine ambao wengi hawaujui. Kenya ina mafundi wanaofunga nzi bandia kwa mkono, na kazi yao inauzwa Ulaya na Marekani. Nzi bandia inayoogelea kwenye mto wa Scotland inaweza kuwa imefungwa na mikono ya Mkenya.

Kabla hujanunua

Fimbo ya futi 12 na nusu au 13, namba 7 au 8, yenye kichwa kifupi, inamtosha anayeanza kwenye mto wa wastani. Mto ukiwa mpana sana, futi 14 au 15.

Tafuta mwalimu kwa saa mbili kabla ya kulipia fimbo ya bei kali. Jifunze kwenye maji, kwa sababu nanga haishiki kwenye majani makavu. Funga kipande cha uzi wa rangi badala ya ndoano siku za kwanza.

Na tazama juu. Kaboni hupitisha umeme. Kwa fimbo ya mita nne mkononi, usitupe karibu na nyaya za umeme, na radi ikianza kunguruma, ilaze fimbo chini uondoke majini.